Mwanafunzi wa habari asianzie kwenye bahasha

Ndugu Mhariri,

Ikifika Julai, vijana wanaosomea uandishi wa habari huanza kubisha hodi kwenye magazeti na redio, barua ya chuo mkononi, wakiomba nafasi ya kufanya field, yaani mafunzo kwa vitendo. Ni wiki chache tu. Lakini kwa niliyoyaona, wiki hizo ndizo zinazoamua kijana atakuwa mwandishi wa namna gani, kuliko mtihani wowote wa darasani.

Mimi ni mwandishi wa kujitegemea hapa Morogoro, na mara nyingi naletewa wanafunzi nifuatane nao kazini. Wanakuja wakijua vizuri kwamba habari hujibu nani, nini, wapi, lini, kwa nini na vipi. Mpeleke sasa mahakamani. Atarudi ameandika kesi "imesikilizwa", kumbe imetajwa tu na kuahirishwa kwa sababu upelelezi haujakamilika. Mshtakiwa naye, kijana amemwita mwizi. Jina lake amelisikia kwa mbali, wala hakwenda kwa karani kulihakiki. Yote hayo alifundishwa chuoni na akafaulu. Kinachomkaa ni mhariri kumweka kitini na kumuuliza mstari kwa mstari: hili umelipata kwa nani? Yupo binti aliyerudishwa kwa karani, jua likiwaka, kwa ajili ya herufi moja ya jina la mtu. Alinuna siku nzima. Leo yuko redioni, na mawakili wa hapa husikiliza habari zake za mahakama kwa sababu wanajua hazina makosa.

Mhariri wa namna hiyo wengi hawampati. Kuna wanaokaa wiki nzima mapokezi wakisubiri kutumwa. Wengine, na hili ndilo linaloniuma, wanaambatanishwa na mwandishi mzoefu kwenda kwenye semina na uzinduzi. Shughuli ikiisha, majina yanaandikwa kwenye karatasi, bahasha zinagawiwa, na zinaitwa nauli. Kijana ametoka nyumbani hana hata hela ya chakula cha mchana. Fedha za mafunzo kwa vitendo kutoka Bodi ya Mikopo haziwafikii wote. Waliobaki wanamtegemea mzazi ambaye tayari amejikamua kulipa ada. Anapokea. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Baada ya muda mfupi anajua shughuli ipi ina bahasha na ipi haina. Mgogoro wa wakulima na wafugaji kule wilayani Mvomero hauna, kwa hiyo haendi. Kikao cha madiwani kinachojadili fedha za zahanati ambayo haijaisha nacho hakina. Anarudi chuoni logibuku, daftari lake la kumbukumbu za field, imejaa saini, alama zake nzuri, na kichwani ameshika kwamba habari iko pale tu alipoalikwa.

Kanuni za maadili za Baraza la Habari Tanzania zinakataza rushwa. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ikaleta ithibati, yaani kibali rasmi cha kufanya kazi ya uandishi wa habari, na kanuni zake zikaweka stashahada kuwa kiwango cha chini cha elimu. Naiunga mkono elimu kwa moyo wote. Ila stashahada hiyo ina field ndani yake, na kama field ndiyo iliyomzoesha bahasha, kitambulisho cha ithibati kitamkuta mkono umeshazoea kupokea.

Ndiyo maana nawaomba wahariri wachukue wanafunzi wachache kuliko wanaowachukua sasa, lakini kila mmoja ajue mhariri wake ni nani, mtu atakayesoma kazi yake mwanafunzi mwenyewe akiwepo. Wampe nauli ya daladala na hela ya chakula. Kwa chombo cha habari si fedha nyingi, na kwa kijana ndiyo inayomwezesha kuikataa bahasha ya kwanza. Semina zisubiri; aanze mahakamani, sokoni, kwenye vikao vya madiwani. Vyuo navyo, msimamizi anapokuja kukagua, aombe kuona habari yenyewe pamoja na masahihisho ya mhariri, asiridhike na saini.

Julai ijayo, ukipata mwanafunzi anayetaka kuja huku mikoani, niko tayari kumpokea na kuzunguka naye, mradi gazeti limlipie nauli na mhariri wake apokee simu anapopiga.

Mwandishi wa kujitegemea,
Morogoro