Mgonjwa asiye na mtu wa kumlinda ni wetu

Bwana Mhariri,

Ninaandika kutoka Majengo, hapa Goma, na maneno yangu yanawaendea hasa wachungaji, mapadri, mashehe na wote wanaoongoza ibada katika mji huu.

Kuta za mitaa yetu zimejaa matangazo ya mikesha ya maombi. Usiku, kutoka Katoyi mpaka Ndosho, unasikia spika zikimlilia Mungu atukumbuke. Mimi pia ni mtu wa maombi. Nimelelewa katika shirika, ile jumuiya ndogo ya mtaa ya parokia yetu, na rozari naisali kila jioni. Wala sishangai kwamba watu wanalia. Volkano ya 2002 ilimeza katikati ya mji, ya 2021 ikatufukuza majumbani, tarehe 3 Oktoba 2024 meli ikazama karibu na bandari ya Kituku, katika Ziwa Kivu, mbele ya macho ya watu waliokuwa ufukoni wakiwangojea ndugu zao, na mwishoni mwa Januari 2025 vita vikaingia hadi mitaani. Nani atakosa machozi baada ya hayo? Lakini waliokata tamaa kuliko sote hawafiki kwenye mikesha hiyo. Wamelala hospitalini, na wengi wao hakuna anayewaendea.

Kila Mkongomani anajua jinsi hospitali zetu zinavyokwenda. Daktari anapasua, muuguzi anachoma sindano na kufunga kidonda, mengine yote ni ya familia. Dada ndiye anayepika, mama ndiye anayeogesha, shangazi ndiye anayefua mashuka na kuyaanika juu ya ukuta wa mawe ya volkano. Ndiyo maana nyuma ya hospitali kuna uwanja wenye mbabula, yaani majiko, za makala na sufuria za kila familia. Sasa mfikirie mtu aliyetoka Masisi au Rutshuru, ndugu zake wametawanyika njiani, ameletwa na watu asiowajua. Anapasuliwa vizuri, anaamka, hana mtu. Saa sita mchana chumba kizima kinanukia sombe na sambaza, na yeye anageukia ukutani ili asionekane akimeza mate.

Wamama wa shirika letu tulianza kwenda Februari 2025, wakati majeruhi walipolazwa hadi kwenye korido na mahemani. Hospitali ya CBCA Ndosho, ya kanisa la Kibaptisti, iliyokuwa ikisaidiwa na CICR, yaani Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, ilipokea watu kupita vitanda vyake, na nyingine mjini zilikuwa katika hali hiyohiyo. Maji ya bomba yalikuwa yamekatika, umeme umekatika, mji mzima umeshuka ziwani na mabidoni. Hatukuwa na fedha. Benki zilikuwa zimefungwa, na noti iliyochanika kidogo tu muuzaji anakurudishia. Tulikuwa na mikono, sabuni kidogo, na unga wa masoso wa kupikia uji, yaani mahindi, soya na mtama.

Aliyetufundisha kumuogesha mtu asiyeweza kuinuka ni mama mmoja Mwislamu wa mtaa wa Birere. Kwa miaka mingi yeye ndiye anayeosha maiti za wanawake wa msikiti wao. Alituonyesha kwamba mwili wa mtu haufunuliwi. Unatandaza kitenge juu yake, unaingiza mkono wenye kitambaa chini ya kitenge, unaanza upande wa kuume, unaosha na kukausha, ndipo unahamia kushoto. Maji yawe ya uvuguvugu. Kabla hujamgusa mweleze unachotaka kufanya, hata kama hana fahamu. Usizungumze na mwenzako juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo. Alituambia kwamba yeye humstahi maiti ingawa maiti hawezi tena kuona haya, basi aliye hai anastahili heshima hiyo mara mbili. Nimesikia mahubiri mengi juu ya hadhi ya mwanadamu. Sikumbuki hata moja lililonifikia kama maneno ya yule mama akiwa amepiga magoti na beseni mkononi.

Tunaowakosa zaidi ni wanaume. Wanakuja, tena kwa wingi, wanasimama mlangoni na Biblia, wanaombea chumba chote kwa sauti kubwa, kisha wanakwenda. Beseni wanatuachia sisi. Lakini kijana wa miaka ishirini na kitu anaona aibu kuogeshwa na mwanamke wa umri wa mama yake, na ana haki ya kuona hivyo. Tunaye motari mmoja, dereva wa pikipiki za abiria, wa Ndosho anayekuja alfajiri kabla ya kuanza kutafuta abiria. Ni yeye aliyemshughulikia mkulima mmoja wa Masisi aliyekatwa mguu juu ya goti. Mtu huyo alikuwa amekataa chakula. Alisema mtu asiyeweza kushika jembe kwenye mteremko si mtu tena, wamwache. Wahubiri wawili walikuwa wamemwambia kwamba huzuni yake ni pepo na kwamba imani yake ni ndogo. Motari hakumwambia neno lolote la imani. Alimkata kucha, akampaka sabuni kidevuni, akamnyoa ndevu polepole. Mkulima aliomba kioo. Kesho yake alilalamika kwamba uji hauna sukari, na wamama tukatazamana kwa furaha, maana anayelalamikia uji anataka kuula. Sisemi kwamba huzuni iliisha. Mguu haukurudi, na hadi alipotoka hospitalini mke wake hakuwa amepatikana. Ninasema alikula.

Kuna jambo jingine, Bwana Mhariri, na hili naliandika kwa uchungu. Mwanamke au msichana akibakwa, dawa za kumkinga na virusi vya Ukimwi, zile wanazoziita PEP, lazima azianze ndani ya saa 72. Kadiri anavyowahi ndivyo zinavyomlinda vizuri. Baada ya saa hizo hazifai tena kitu. Hospitalini wanamtazama pia magonjwa mengine, na kuna dawa ya kuzuia mimba ambayo nayo ina muda wake. Nilimuuguza msichana mmoja aliyeletwa akiwa amechelewa. Mahali alikokimbilia kwanza palikuwa chumba cha maombi. Walimpokea kwa upendo, siwezi kukana, wakamfunika, wakalia naye, kisha wakamwingiza kwenye mfungo wa siku tatu ili Mungu amtakase. Siku tatu! Ndizo saa 72 zenyewe. Alipofika hospitalini muuguzi alihesabu saa kwa vidole, akanyamaza.

Wachungaji wangu, mtu huyo akija kwenu usiku, mfunikeni, mpeni maji, na kabla ya neno jingine lolote mtafuteni motari. Muombeeni njiani. Muombeeni akiwa kwenye foleni, mkimshika mkono. Mfungo atafunga mwingine kwa niaba yake. Na msimwambie kwamba anahitaji kutakaswa. Aliyetenda uovu si yeye.

Wengine wameniambia kwamba kazi ya kanisa ni roho, na mambo ya mwili ni ya ONG, mashirika ya misaada. Ninawajibu kwa mfano wa mtoto wa mji huu. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981. Akiwa katika Jumuiya ya Sant'Egidio, ya walei Wakatoliki, alikaa na maibobo, watoto wa barabarani, katika Shule ya Amani, akawasaidia wasome. Kazi yake ilikuwa katika OCC, ofisi ya serikali ya ukaguzi, mpakani, kukagua bidhaa. Wenye mali walimletea fedha ili apitishe chakula kilichooza, akakataa, akauawa Julai 2007 akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenye heri mjini Roma. Mara nyingi tunamsifu kwa kukataa rushwa na tunaishia hapo. Mimi ninaamini alikataa kwa sababu alizijua sura za watakaokula chakula kile. Mtu aliyewahi kugawa ugali kwa watoto hawezi kuona gunia la mchele mbovu kama karatasi ya kusaini tu. Ibada yake na kazi yake ya ofisini vilikutana mahali hapo, kwenye tumbo la mtoto wa Birere.

Na kule Bukavu, Daktari Mukwege, mtoto wa mchungaji ambaye mwenyewe pia anahubiri, alianzisha hospitali ya Panzi mwaka 1999 akiwafikiria wanawake wanaojifungua. Aliyemkuta mlangoni alikuwa mwanamke aliyebakwa. Akamtibu, wakaja wengine na wengine, na miaka ya kuwashona ndiyo iliyompeleka kusema mbele ya Umoja wa Mataifa. Tuzo ya Nobel ya 2018 ilikuja baadaye sana.

Ndivyo ilivyotokea kwetu pia, kwa kiasi chetu kidogo. Tulikwenda kuogesha watu, tukagundua kwamba kuna waliopona zamani lakini hawaruhusiwi kutoka kwa sababu ya deni. Mama amejifungua, mtoto ana afya, nao wanaendelea kulala pale, na kila usiku wanaolala unaongezwa kwenye bili. Likirimba yetu ya kila Jumamosi, ule mchango tunaochangiana kwa zamu, ililipa deni la mmoja, kisha la mwingine, kisha tukaona haitaweza. Tulichukua daftari, tukaandika kila aliyezuiliwa na kiasi anachodaiwa, tukaenda wote kwa msimamizi wa hospitali na kukaa kwenye benchi lake hadi akatupokea. Baadhi waliachiwa kwa ahadi ya kulipa kidogo kidogo. Wengine bado wapo. Tutarudi kwenye benchi lile. Nilikuwa nadhani kuketi katika ofisi ya mkubwa na kudai ni kazi ya vijana wa siasa. Sasa naona ni sehemu ya rozari yangu, kwa kuwa siwezi kumtaja mtu mbele ya Mungu jioni na kuogopa kumtaja mbele ya msimamizi asubuhi.

Niseme pia kuhusu picha. Kuna wanaokuja na kilo chache za mchele na simu nne za kupigia picha. Mgonjwa aliyevaa shuka anashikishwa mfuko na kuambiwa atabasamu. Jambo hili likome. Wala kitandani tusiulize dini ya mtu, wala tusimdai aje kanisani kwetu akipona. Yule mama wa Birere ameogesha wasichana Wakatoliki wengi kuliko anavyoweza kukumbuka, na hakuna hata mmoja aliyemwambia habari za msikiti.

Kazi hii inachosha, sitaficha. Kuna wamama walioacha baada ya kuona kuungua kwa mtoto, na hatuwalaumu. Tunapotoka tunakaa nyuma penye mbabula, tunanyamaza kidogo, anayetaka kulia analia, kisha tunasali kila mmoja kwa namna yake. Sala zetu za pale ni fupi kuliko zote nilizosali maishani, na ndizo nisizowahi kusinzia ndani yake.

Ombi langu ni moja. Kila kanisa, kila msikiti, kila shirika la mtaa lichague chumba kimoja cha hospitali iliyo karibu nalo, likiite chake, na lisikiache. Mkesha mmoja kwa mwezi ugeuzwe kuwa zamu ya usiku ya kukaa na wasio na ndugu, kwa sababu usiku ndio wanapoamua kwamba hawataki kuishi. Wapeni wanaume zamu zao kwa majina, msingoje wajitolee. Kabla ya kwenda, kateni kucha, vueni pete, chukueni beseni, sabuni, kitambaa na kitenge safi, na simu ziacheni mfukoni. Mkifika msianze na wimbo. Nendeni kwa muuguzi wa zamu, mmuulize ni mgonjwa yupi hana mtu.

Mama wa shirika,
Majengo, Goma