Mama mdogo anataka nichague kati ya keki zake na mitumba yangu

Mpendwa Mshauri,

Salaam. Mimi ni binti wa mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam, nasomea biashara, na ninaishi Tabata kwa mama yangu mdogo. Wazazi wangu wako Singida. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo ndani ya nyumba yetu ambalo kila likizungumzwa kwa mdomo huishia kwenye ubishi au watu kununiana, na nimeona afadhali nilipange kwa maandishi mbele ya mtu asiyetufahamu.

Mama mdogo ni muokaji wa keki. Alianza na sufuria na mkaa, moto chini na moto mwingine juu ya kifuniko, akaja kununua oveni ya umeme, na sasa watu wa mtaa wetu wenye harusi, kipaimara au ubatizo humtafuta yeye kwanza. Msaidizi wake ni mimi. Ijumaa usiku nachekecha unga, napiga siagi na sukari mpaka mchanganyiko uwe mweupe na mwepesi, napaka mabati mafuta, na nahakikisha LUKU ina uniti za kutosha, maana umeme ukikatika keki ikiwa nusu imeiva, hata ukirudi baadaye katikati huwa imekwisha kudidimia. Jumamosi naamka alfajiri kupamba, kwa kuwa krimu ya siagi ikikutana na joto la Dar es Salaam la saa nne asubuhi haishiki tena umbo. Kwa kazi hiyo silipwi, wala sijawahi kudai kulipwa. Nakaa bure, nakula bure, na baba alipokwama ada mwaka jana, aliyeimalizia ni mama mdogo. Naomba ulisome hilo kabla ya mengine yote, ili usije ukaniona mtoto asiye na shukrani.

Mimi sikupata mkopo wa Bodi ya Mikopo ya wanafunzi. Wenzangu wengi wanaopata hutengewa shilingi 10,000 kwa siku kwa ajili ya chakula na malazi, na bumu, yaani fedha hiyo ya mkopo, linapoingia hujilipia wenyewe nauli, kazi za kuchapisha na vifurushi vya intaneti. Mahitaji hayo kwangu hutoka kwenye mitumba.

Sinunui belo zima. Belo la kilo 45 ni la watu wenye mitaji, na hata ningekuwa na fedha hizo nisingethubutu kununua kitu kilichofungwa nisichokiona ndani. Ninachofanya ni kufika soko la mitumba la Karume mapema wakati wauzaji wanafungua mizigo, nikachagua vile ambavyo wengine wanavipita. Mteja wa kawaida anataka kitu kinachofanana na kilichopo madukani. Mimi natafuta gauni la pamba lenye zipu ya chuma na pindo lililoshonwa kwa mkono, au koti ambalo lebo yake inataja Ujerumani Magharibi, nchi ambayo haipo kwenye ramani tangu mwaka 1990. Muuzaji wangu huviweka kando vya namna hiyo, akiamini kwamba ni vikuukuu visivyo na mnunuzi, na hunipunguzia bei kwa kunihurumia. Chuoni huviita vinteji, na msichana anayesita kununua blauzi mpya ya Kariakoo kwa bei hiyohiyo atanunua ya kwangu, kwa sababu ana uhakika kwamba hatakutana na mwingine aliyeivaa ukumbini. Nami huvaa hivyohivyo, na ndiyo matangazo yangu makubwa.

Kwenye viatu ndiko kuna faida zaidi, na ndiko kunakohitaji jicho. Kiatu cha ngozi cha zamani ambacho soli yake imeshonwa kwa uzi hakifi kirahisi: unakisafisha, unakipa rangi, unampelekea fundi viatu wa pale kituoni abadilishe kisigino, nacho kinarudi kazini. Hatari iko kwenye viatu vinavyoonekana vipya kabisa, vyenye soli nene na nyepesi ya poliyurethani. Soli ya namna ile huliwa na unyevu wa hewa hata kama kiatu hakijavaliwa, na kwa hewa yetu ya pwani unaweza kutoka nyumbani umependeza ukafika kituoni soli imemomonyoka kama mkate mkavu. Kabla ya kulipa nabonyeza soli kwa kidole gumba. Ikiacha ungaunga au ikinata, nakirudisha kwenye turubai. Harufu ya ndani naiondoa kwa kunyunyizia soda ya kuokea na kuiacha ilale humo usiku kucha, halafu naikung'uta. Naam, soda ileile ya keki, ila nina kopo langu nililolinunua mwenyewe na kuliandika jina, ingawa mama mdogo ameanza kufungia la kwake kabatini.

Mwishoni mwa mwaka jana tulioka keki ya kipaimara ya ngazi mbili, nyeupe, yenye maua ya krimu pembeni. Ilichukuliwa Jumapili asubuhi. Jioni mteja akapiga simu, akashukuru kwanza kwa heshima zote, kisha akasema kwamba wageni wawili watatu walionja wakadai keki ina harufu ya mtumba. Mama mdogo aliweka simu mezani na kuniangalia muda mrefu. Baadaye tukasikia kwamba maneno hayo yamefika kwenye jumuiya, na mwanamke aliyekuwa ameahidi kuagiza keki ya harusi ya binti yake ameagiza kwa mwokaji mwingine.

Mshauri, ile harufu naijua. Nguo zilizobanwa kwenye belo kwa muda mrefu hutoka na harufu yake kali, ambayo kwa mchuuzi ni ya kawaida kabisa, na chumba changu kimepakana na jiko, kwa mlango ambao haufungi vizuri. Najua pia kwamba siagi na krimu hunyonya harufu ya kitu chochote kilicho jirani. Lakini keki ile ililala kwenye friji moja na bakuli la mchuzi wa perege lililofunikwa kwa sahani tu, na siku hiyo mzigo wangu wote ulikuwa umekwisha kufuliwa kwa maji yenye siki na kuanikwa kivulini. Mgeni anayejua kwamba mpambaji wa keki ndiye yule binti wa mitumba anaweza kupata harufu ya mtumba hata kwenye maji ya kunywa. Hilo nililisema mara moja, nikaona namna lilivyopokelewa, sikulirudia.

Kauli ya mama mdogo ni kwamba unga na mtumba havilali nyumba moja. Amenipa hadi mwisho wa Februari. Nguo na viatu vitoke, na kama haviwezi kutoka, basi nisiguse tena jiko lake, na tutaangalia mambo mengine yatakavyokuwa. Hayo mambo mengine hakuyataja, nami sikuuliza.

Angeishia hapo, nadhani ningejua la kufanya. Lakini siku chache baadaye aliniita sebuleni, akaongea kwa upole, akasema nisimuelewe vibaya, yeye ananitakia mema. Pendekezo lake ni kwamba niuze kila nilichonacho, fedha niliyoiweka kwenye mzunguko wa mitumba tuiunganishe na akiba yake, tununue oveni kubwa ya gesi ambayo haitegemei LUKU, na tuwe washirika. Nikimaliza chuo nisianze kuzunguka na bahasha kutafuta kazi, bali niwe na biashara tayari. Baba mdogo akaongezea hoja yake kwamba mitumba ni biashara ambayo serikali inaweza kuizima siku yoyote. Alikumbusha uamuzi wa wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 2016, wa kuiondoa hatua kwa hatua hadi iwe imekwisha ifikapo 2019. Nilimjibu kwa adabu kwamba Marekani ilipotishia kuondoa nafuu za AGOA, mpango wake wa kuziruhusu nchi za Afrika kuuza bidhaa huko bila ushuru, nchi nyingine zilirudi nyuma, ikabaki Rwanda peke yake, nayo ikasimamishiwa nafuu ya nguo mwaka 2018, na kwamba Karume bado watu wanagombania belo. Akacheka, akasema huyu chuo kimemuingia. Mama mdogo hakucheka. Kwake yeye mitumba bado ni kafa Ulaya, kama bibi alivyokuwa akiiita, na hata nikimweleza kwamba nguo za ndani zilizovaliwa zimepigwa marufuku na Shirika la Viwango, TBS, na mimi siuzi hizo, haoni tofauti.

Sasa ninachokiogopa ni hiki. Malipo yote ya keki huingia kwenye simu ya mama mdogo. Hakuna daftari. Mayai, unga, gesi ya kupikia chakula chetu, ada ya wadogo zangu, mchango wa msiba, vyote hutoka mfuko mmoja, na hakuna anayeweza kusema mwezi uliopita keki zilileta shilingi ngapi. Simlaumu, maana ndivyo nyumba nyingi zinavyoendeshwa, na ni kwa mfuko huohuo mimi nimesoma. Lakini mimi nasomea mambo haya, na najua kwamba mtu anayeingiza mtaji mahali pasipo hesabu ametoa mchango, hajanunua hisa. Siku nitakapohitaji nauli na fedha ya kuchapisha kazi, nitakuwa mshirika wa kuomba. Leo naweza kukaa siku nyingi bila kumwomba mama mdogo hata mia, na nahisi kwamba heshima iliyopo kati yetu imetokana kwa sehemu na hilo.

Nimefikiria njia nyingine. Kupanga fremu ndogo kumenishinda kwa sababu wenye fremu za huku kwetu wanataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Rafiki yangu anayeishi hosteli alikubali kunihifadhia, lakini vitanda viko vinne chumbani na kabati lake ni la kuwekea daftari. Jirani yetu fundi cherehani ana banda la mabati lenye nafasi, na yuko tayari kunipa kona kwa malipo madogo ya mwezi pamoja na kumpa kazi zangu zote za kushona. Paa lake linavuja, hata hivyo, na masika yakianza mwezi wa tatu ngozi ya viatu itaota ukungu kabla sijapata mteja. Labda masanduku ya plastiki yenye vifuniko, yakiinuliwa juu ya matofali, yatasaidia. Nguo ningefulia kwake na kuanika kwake, na nyumbani ningerudi na zile nilizovaa tu. Mpango huu sijaufikisha kwa mama mdogo, kwa kuwa kuuleta kabla ya kujibu lile pendekezo la ushirika kutaonekana ni kulikataa.

Mama mzazi nilipompigia alisema kwa kifupi kwamba aliyekupa sehemu ya kulala humpangii masharti. Mjomba wetu wa Ukonga, ambaye ni kaka yao mkubwa na mtu anayesikilizwa, sijamwambia lolote. Nikimfuata yeye, mama mdogo anaweza kuona nimemshitaki kwa ukoo kwa ajili ya nguo kuukuu.

Kwa hiyo naomba unishauri kuhusu namna ya kusema, zaidi hata ya kuhusu nini cha kuchagua. Ninataka kumwambia mama mdogo kwamba nitaendelea kumsaidia kuoka kama mwanawe, bila malipo, na kwamba mzigo wangu nitautoa ndani ya nyumba kama alivyotaka, ila mtaji wangu nitabaki nao. Na kama anataka kweli tuwe washirika, tuanze kwanza na daftari na namba ya simu ya biashara peke yake, walau mpaka nimalize mwaka huu wa masomo, ndipo tuzungumzie oveni. Je, mtoto anaweza kumtamkia mzazi neno daftari bila kusikika kama anamwita mwizi? Nianze mimi mwenyewe kuandika mauzo ya kila Jumamosi kama sehemu ya usaidizi wangu, halafu nimwonyeshe, au hiyo nayo ni kumpeleleza? Na mjomba, nimshirikishe kabla, au asubiri mpaka nikwame?

Kama wapo wasomaji wako wanaofanya kazi na ndugu waliowalea, hasa wa biashara za chakula, ningependa kusikia walivyolianza jambo hili siku ya kwanza, maneno yenyewe waliyoyatumia. Fundi cherehani anataka jibu langu la banda wiki ijayo, na Jumamosi hii tuna keki ya ubatizo.

Wako mtiifu,
Binti wa Tabata