Mwanangu Atupele, ile kozi moja bado

Tukuyu, Jumapili jioni

Mwanangu Atupele,

Marahaba mama. Shangazi yako amenipigia kusema Alhamisi unapandia basi hapohapo Mafinga kwenda Dodoma, nyumbani hutapita. Sikulaumu, nauli ni nauli. Ila kuna jambo nilitaka tulizungumze tumekaa, na kwenye simu huwa unaniambia "sawa baba" kabla sijafika nusu ya maneno. Kwa hiyo nimeandika.

Ni ile kozi ya takwimu ya mwaka wa kwanza.

Sijui kama umesikia yaliyowapata jirani zetu wa ng'ambo ya mto. Walikuwa wanajiandaa na mahafali ya kijana wao. Kadi za michango ziligawiwa tangu Agosti, mimi mwenyewe nilitoa elfu thelathini, turubai limelipiwa, ng'ombe amenunuliwa na kufungwa nyuma ya nyumba. Orodha ya wahitimu ilipotoka, jina la kijana halimo. Baba yake akadhani ni makosa ya uandishi, akasafiri mpaka chuoni. Aliporudi alikaa kwangu barazani zaidi ya saa moja na chai hakuigusa.

Kijana hakufeli, Atupele. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Shahada ya miaka 3 inataka krediti, ule uzito wa kila kozi, zifike 360 kwa uchache, yaani 120 kila mwaka, na yeye alikuwa nazo, tena zimezidi. Lakini ndani ya hizo zote kulikuwa na kozi moja ya lazima ya mwaka wa kwanza ambayo hakuifanya. Aliiruka, akaongeza ya hiari akiamini moja itafidia nyingine. Haifidii. Ya hiari ikizidi inabaki ya hiari, na nafasi ya ile ya lazima inabaki wazi. Kozi yenyewe hufundishwa muhula wa kwanza tu, kwa hiyo sasa anakaa mwaka mzima kwa somo la saa tatu kwa wiki. Ng'ombe wamemuuza kwa hasara. Mama yake tangu siku hiyo hajaja kanisani.

Nilipoachana na yule mzee nikaanza kuhesabu yako. Na mimi nimefundisha hesabu darasa la saba miaka 29, lakini yako siwezi kuimaliza kwa sababu sina karatasi ya matokeo yako. Wewe unayo. Je, umewahi kukaa nayo?

Najua takwimu ilivyokwama. Wiki ya msiba wa bibi uliniambia kuna majaribio mawili, nikapiga simu mara tatu, na ile ya tatu ndiyo iliyokupandisha basi. Wajomba zako walikuwa wanauliza mjukuu aliyelelewa na marehemu yuko wapi, na mimi nilishindwa kukaa na swali hilo mbele ya watu. Kibali hukuomba chuoni. Mimi mwalimu mzima, ninayejua maana ya kibali, sikukuuliza. Majaribio yakapita bila wewe, kosiwek, zile alama 40 za majaribio na kazi za muhula, ukaenda nayo na 9, na mtihani wa mwisho peke yake haukuweza kuibeba.

Lakini sapu ya Septemba, ule mtihani wa marudio, ilikuwa yako. Na mwaka wa pili wote ulikuwa wako. Nilipokuuliza ukasema ratiba iligongana na kozi ya fasihi, utaifanya mwaka wa tatu. Ratiba ikigongana mtu huenda kwa mratibu wiki ya kwanza, wakati bado inasogezeka, haendi wiki ya saba kusikitika. Keri ya mwaka wa kwanza, yaani kozi uliyofeli, una mwaka wa pili wa kuibebea. Ya mwaka wa pili una wa tatu. Mwaka wa tatu hauna wa nne, mwanangu. Ukiikosa muhula huu unaoanza, utakuwa yule kijana.

Tena umeniambia utafiti wa mwaka wa tatu upande wa jiografia unataka uwe umefaulu takwimu kwanza. Ulilisema upesi kama jambo dogo. Je, watakuruhusu kuanza utafiti huku bado unaibeba? Kama hujui, ujue kabla hujajisajili. Dirisha la usajili likifungwa limefungwa.

Nisikilize sasa. Ukifika Dodoma, kabla hujapanga vitu chumbani, tafuta mwongozo wa programu yako. Uwe wa mwaka ule ulioingia, usichukue wa wadogo zako, maana programu hubadilishwa katikati na kozi huhamishwa muhula au hubadilishiwa namba. Chukua karatasi kubwa. Andika kozi zote za lazima za Jiografia, za Kiswahili, na za ualimu, kila kundi peke yake, halafu za hiari mbali kabisa. Weka alama kwenye zile ulizofaulu kwa kuangalia matokeo yako yenyewe kwenye mfumo, usiweke kwa kukumbuka. Na uangalie alama za mazoezi ya kufundisha ya mwaka jana kama zimeingizwa. Ulifundisha, mkaguzi alikuja, lakini kama haziko kwenye mfumo ni sawa na hukwenda. Zikikosekana sasa, aliyekukagua bado yupo na fomu bado ziko kabatini. Baada ya mwaka nani atazitafuta?

Halafu nenda na hiyo karatasi kwa mshauri wako wa masomo, akae nayo, aipitie. Usiridhike na ya kuambiwa koridoni kwamba "hiyo hawaiangaliagi." Wataiangalia siku ya kuandika orodha.

Kuhusu GPA, huo wastani wako wa pointi, sina ugomvi na 3.4. Ni daraja la pili la chini, na 3.5 ni la juu, umebakiza nukta moja. Lakini nimegundua unapigania kozi zote kwa nguvu sawa, na hapo unajichosha. Wanazidisha pointi za gredi kwa krediti za kozi ndipo wanagawa kwa jumla ya krediti. Kozi ya krediti 12 ni gunia, ya krediti 8 ni debe. B+ kwenye gunia inakuvusha zaidi ya B+ kwenye debe. Usiku wako upeleke kwenye magunia.

Mkuu wa shule ya huko ulikofundisha alimwambia shangazi kwamba Form Two walikuwa wananyamaza kabisa ukiwafundisha kusoma ramani, na kwamba wengine walikufuata mpaka kituo cha basi. Nimemsimulia hilo kila aliyepita hapa wiki hii. Miaka yangu 29 sikumbuki wanafunzi kunifuata kituoni. Wewe ni mwalimu hata sasa hivi. Lakini matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huandika wazi kwamba transkripti pungufu, yaani karatasi ya matokeo isiyokamilika, haikubaliki. Ukiwa na kozi moja pembeni, hao watoto waliokufuata hawakusaidii kitu.

Na pesa. Bodi ya Mikopo wamekupangia miaka mitatu. Mwaka wa ziada usiitegemee, utakuwa ada yangu, chumba changu, chakula changu, na mdogo wako Lusajo anategemea kwenda Form Five mwakani. Nakwambia usije ukasema sikukwambia, sikwambii ili uogope. Mafao yangu yaliingia kwenye bati la nyumba, unajua. Pengine ningesubiri na bati.

Kitu kingine, jina. Kwenye cheti chako cha kidato cha nne jina la babu lina herufi moja pungufu, kitambulisho cha taifa kina jina kamili. Ile fomu ya usajili wa mtihani niliijaza mimi usiku, kwa kibatari. Uliza chuoni wataandika lipi kwenye cheti, na kama kunahitajika kiapo niambie mapema nishuke Mbeya kwa wakili. Usisubiri wakati wa fomu za kliarensi, zile za kuthibitisha hudaiwi kitu chuoni, mtu anakimbia maktaba, bweni na uhasibu kwa siku mbili.

Mama yako presha imeshuka, anakunywa dawa zake asubuhi, ingawa chumvi bado anaiweka akidhani sioni. Ng'ombe yule mwekundu amezaa ndama jike. Maziwa tunapeleka ya asubuhi, ya jioni tunabaki nayo. Viazi vya bondeni vimepigwa na ukungu baada ya mvua hizi za mapema, vya juu vimesalimika. Kile chumba chako nimekiezeka upya, hakivuji tena maji kitandani. Lusajo ameanza kulala humo, nimemwambia Desemba anahama.

Mpaka Desemba nitakuwa nakuuliza neno moja tu kila ukinipigia: umejisajili takwimu? Usinijibu kwamba "nitafanya." Nijibu umejisajili au hujajisajili. Na ukishamwona mshauri wako, piga picha ile karatasi uniletee kwenye simu ya Lusajo, nataka kuiona mimi mwenyewe, mstari kwa mstari. Kama ratiba imegongana tena, niambie siku hiyohiyo. Nitakuja Dodoma nikae nje ya ofisi ya mratibu mpaka atuone. Safari hii basi nitalipanda mimi.

Kwenye ndoo kuna mchele wa Kyela kilo tano, karanga alizokaanga mama yako, na parachichi sita ambazo bado ngumu, zifunike kwenye gazeti. Chini kabisa kuna bahasha ya elfu arobaini. Hiyo ni ya kutoa nakala na kuchapa, usiiingize kwenye chakula. Kondakta amelipwa, usimpe kitu. Ndoo mwachie shangazi, mama yako anaitaka irudi na mfuniko wake.

Baba yako