Ekzosi umeshaitanua, kabureta je?

Misumeno ya mnyororo inayotufikia baada ya kutanuliwa ekzosi au kusagwa milango ya silinda huja na lalamiko moja: ilipata nguvu, ikakata kwa kasi, halafu ikaanza kuzima yenyewe ikipata moto. Tukitoa ekzosi na kumulika ndani, pistoni ina mikwaruzo ya kusimama upande wa kutolea moshi. Hapo kabureta peke yake haitoshi tena.

Marekebisho yenyewe si mabaya. Ekzosi ya kiwandani hubana moshi, na ukiifungua injini inapumua. Tatizo ni kwamba hewa imeongezeka, na mafuta yamebaki kwa kipimo cha zamani. Injini hii hupata oili yake kupitia petroli, kwa hiyo mafuta yakipungua, ulainishaji nao unapungua huku joto likipanda. Na mbaya zaidi, msumeno wenye njaa ya mafuta hutoa sauti kali, nyembamba, tamu masikioni. Watu wengi huuacha hapo hapo.

Wapo wanaoongeza oili kwenye petroli wakidhani wanailinda injini. Oili ikizidi kwenye lita ile ile, petroli inapungua, na mchanganyiko unazidi kuwa na hewa nyingi. Kama kitabu cha msumeno kinasema 50:1, yaani petroli sehemu 50 kwa oili sehemu moja, weka mililita 20 za oili kwa lita ya petroli, kisha urekebishe skrubu za kabureta.

Tunaanza na chujio safi, mafuta mapya na injini iliyopata moto. Kama resi inapanda yenyewe, inachelewa kushuka ukiachia, au inabadilika ukiulaza msumeno ubavu, tunatafuta kwanza hewa inapovuja, hasa kwenye sili za krenki, zile mpira zinazozuia hewa pembeni mwa shafti ya injini. Kurekebisha kabureta juu ya uvujaji ni kuficha ugonjwa.

Skrubu ya L inashughulikia mwendo wa chini: tunaifungua hadi injini ipokee resi bila kusita, kisha skrubu nyingine, ile ya mzunguko wa injini resi ikiwa imeachiwa, inashusha mzunguko mpaka mnyororo usimame kabisa.

Kazi kubwa ipo kwenye skrubu ya H, ya mwendo wa juu. Kuifungua ni kuongeza mafuta, kuifunga ni kuyapunguza, na tunaigusa kidogo kidogo, kama moja ya nane ya mzunguko. Resi ikibanwa yote kwa sekunde chache nje ya gogo, tunataka kusikia mngurumo unaokatika-katika. Msumeno ukizama kwenye mti, sauti inyooke. Ukiinuliwa, ikatike tena. Isipokatika nje ya gogo, mafuta ni machache: fungua mara moja. Ikiendelea kukatika ndani ya mti, yamezidi. Tahadhari, baadhi ya misumeno ina koili inayokata cheche mzunguko ukipanda mno, na sauti yake hufanana sana na hiyo. Kwa hiyo hatuamini sikio pekee. Tunapima mizunguko kwa takometa na kuangalia plagi baada ya kukata. Rangi ya kahawia hafifu inaturidhisha, nyeupe hapana.

Misumeno yenye kabureta za kompyuta, M-Tronic ya Stihl au AutoTune ya Husqvarna, haina skrubu za L na H. Kompyuta yake hujipanga yenyewe wakati wa kukata.

Ukituletea wako, tuambie kila kilichoguswa, hata gasketi ya chini ya silinda, na uje na mafuta unayotumia kila siku. Usiuwashe tena kabla hatujaupima.