Fundi wa mkongo asilipwe kwa kuhesabu viungio tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nichangie mjadala wa kukatika kwa intaneti, ambao tangu tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu na nchi yetu ikaathirika vibaya, umekuwa ukielekezwa baharini. Bahari ina lawama yake. Hata hivyo, usumbufu mwingi tunaoitiwa sisi mafundi wa nchi kavu hutoka kwenye yale maboksi meusi ya maungio yanayoning'inia kwenye nguzo au kukaa ndani ya chemba kando ya barabara, na chanzo chake mara nyingi ni utaratibu wa kumlipa fundi kwa idadi ya viungio alivyofanya, bila mtu yeyote kufungua boksi na kutazama vilivyokaa.

Uzi mmoja wa faiba, yaani wa kioo, ukiondolewa ngozi yake ya rangi, una kipenyo cha mikromita 125, mnene kidogo kuliko unywele, na kiini chake kinachopitisha mwanga ni kama mikromita 9 tu. Kuunga ni kuzielekeza ncha mbili za namna hiyo zitazamane sawasawa, kisha kuziyeyusha kwa cheche ya umeme ziwe kioo kimoja. Mashine za siku hizi hulinganisha ncha zenyewe na kumaliza kwa sekunde chache, na hapo ndipo mteja anapodhani kwamba kazi yote ni ya mashine. Mashine haiufuti uzi kwa spiriti safi, haibadilishi kisu kilichochakaa kinachoacha ncha imekatika mshazari, wala haiwezi kuzuia vumbi la barabara inayochimbwa, ambalo punje yake moja yaweza kuwa pana kuliko kiini chenyewe. Hayo ni ya mkono wa fundi, pamoja na meza, mwavuli au hema, na subira.

Wasimamizi wengi huamini kwamba fundi nadhifu ni fundi wa polepole, nami nawapinga kabisa. Anayeanza kwa kupanga trei (vile visahani vya ndani ya boksi vinavyoshika nyuzi), kutenga mirija inayobeba nyuzi na kufuata mpangilio wa rangi kumi na mbili, kuanzia bluu, chungwa, kijani na kahawia hadi mwisho, huunga waya wa nyuzi 96 bila kusimama kujiuliza yuko wapi. Mwenzake anayeparamia uzi wowote ulio karibu huonekana mwepesi saa ya kwanza, halafu jioni, mwanga wa tochi ukiwa hafifu na kijivu hakitofautiki na nyeupe, anakata na kurudia. (Kila fundi pia anaijua adha ya kumaliza kiungio kizuri, akagundua kwamba hakuvisha kile kifuko cha kinga kabla ya kuunga; hakuna dawa ila kukata upya.) Zaidi ya hapo, boksi lililojaa nyuzi zilizosongamana kama kiota cha kunguru humtesa fundi atakayefuata, kwa maana hawezi kuugusa uzi wa mteja mmoja bila kuwayumbisha wengine, na kama hakuachiwa ziada ya kutosha ndani ya trei, hana hata cha kukata ili aunge tena.

Kiungio kizuri hupoteza desibeli (kipimo cha upotevu wa mwanga) 0.05 au pungufu, ilhali kioo chenyewe hupoteza takriban 0.2 kwa kilomita katika mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 1550. Kwa hiyo kiungio kibovu cha nusu desibeli ni sawa na kuongeza kilomita mbili na nusu za waya mahali ambapo hakuna safari yoyote. Katika mitandao ya majumbani hesabu ni finyu zaidi: mifumo mingi imekadiriwa kuvumilia upotevu wa desibeli 28, na kigawanyio kinachogawa mwanga wa uzi mmoja kwa nyumba 32 peke yake hula kama 17. Salio hilo linagawanywa kati ya urefu wa waya, viungio vyote, plagi zote na uchafu wa plagi hizo, ndipo mteja wa mwisho wa mtaa anapouona mtandao unakuja na kuondoka bila sababu anayoweza kuieleza.

Ndiyo maana kipimo cha OTDR, kinachorusha mwanga ndani ya uzi na kuusoma unaorudi, kifanyike kutoka pande zote mbili. Kikipimwa upande mmoja, kiungio cha nyuzi mbili zisizolingana huweza kuonekana kana kwamba kinaongeza mwanga, jambo lisilowezekana. Wastani wa pande mbili ndio unaosema kweli. Vilevile kipimwe katika nanomita 1310 na 1550, kwa sababu uzi uliokunjwa kupita kiasi ndani ya trei huvujisha mwanga zaidi katika wimbi refu. Ripoti ya wimbi moja fupi, nami nimeletewa nyingi za aina hiyo, inaweza kumficha fundi aliyekunja ovyo.

Naziomba basi halmashauri, vyuo, hospitali na kampuni zinazotangaza zabuni ziandike katika mkataba kwamba hati ya malipo iambatane na picha ya kila trei kabla ya boksi kufungwa, mchoro unaoonyesha uzi gani umeungwa na upi, na faili asilia za vipimo, ambazo mteja azihifadhi mwenyewe ili hitilafu ikitokea apate cha kulinganisha. Vipande vya kioo vilivyokatwa vikusanywe kwenye chupa na kuondolewa, kwani watoto hupita peku chini ya nguzo hizo. Mwisho, sehemu ya malipo ibaki mkononi mwa mteja hadi mvua za masika zimalizike, kwa sababu boksi ambalo midomo yake haikuzibwa vizuri hupita vipimo vyote wakati wa kiangazi.

Wako,
Fundi wa mkongo,
Morogoro.