Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo: tuuziwe singa kwa kilo

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima kutoka Tanga. Mimi na wenzangu wanne tunatengeneza vikapu, kofia, bangili na hereni za mkonge. Kazi yote ni ya mikono. Singa, yaani nyuzi za mkonge, tunazichemsha na manjano, tunazianika kivulini, kisha tunazisokota pajani mpaka ziwe uzi. Jozi moja ya hereni, ukubwa wa sarafu ya mia mbili, hula saa nzima, maana uzi ukilegea mzunguko mmoja tu, hereni yote inafumuka.

Kinachotukwamisha ni singa zenyewe. Hapa Tanga, Mheshimiwa! Babu yangu alikuja huku akiwa manamba, kibarua wa mashamba ya mkonge, akakata mkonge mpaka mgongo ukapinda. Hapa nchini mmea huu ulianzia kwenye miche 62 iliyosalia kati ya ile aliyoileta Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na kufikia 1964 nchi ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Leo mjukuu wa manamba hapati kilo 20 za kununua.

Mwezi uliopita nilikwenda shamba moja kuziomba. Nikajibiwa kwa upole kwamba wao wanauza robota, na robota ni kilo 250, tena zote zimeshapata mteja wa nje. Nilikuwa nimesimama karibu na korona, mashine ya kuchakata majani ya mkonge kuwa singa. Chini palikuwa na singa fupi zilizodondoka, watu wanazikanyaga wakipita. Zile tu zingenitosha hereni za miezi miwili.

Basi tunabaki kwa wachuuzi. Wanauza kwa fungu, fungu la leo si la jana, na ukifungua katikati unakuta ukungu. Singa yenye ukungu haishiki rangi.

Serikali imeutangaza mkonge kuwa zao la kimkakati. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, na wateja wa vikapu wapo. Kamba za plastiki ndizo zilizoangusha bei ya mkonge enzi za wazee wetu. Sasa plastiki imesukumwa pembeni, nasi tulio tayari kuijaza nafasi yake hatuna malighafi.

Ombi langu ni moja. Agiza mashamba na vyama vya ushirika vya wakulima wa mkonge vitenge sehemu ya singa, hata zile fupi za daraja la chini, ziuzwe kwa kilo hapa hapa mjini, bei ikiwa imebandikwa ukutani. Bodi ya Mkonge ipo Tanga, na ghala moja dogo linatosha. Mikopo ya halmashauri, ile itokanayo na asilimia kumi ya mapato yake, tunaishukuru sana, ila fedha hizo zinaishia kwenye nauli za kuzungukia singa.

Tuna oda ya vikapu 40 vya harusi, Mheshimiwa. Singa tulizonazo zinatosha vikapu 11.

Wako mtiifu,
Msukaji wa mkonge, Tanga