Karatasi za grafu

Makorora, Tanga
Jumapili jioni

Shoga yangu Rukia,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, kusi inavuma mpaka nguo hazikai kambani, na mama anakusalimu sana. Bado anaudai ungo wake uliouazima Idi ile.

Uliniuliza kwenye simu nimefika wapi na wale wasichana wangu wa kidato cha pili, nikakukatiza kwa sababu nilikuwa kwenye daladala na konda ananipigia kelele sikioni. Leo nimetulia, nikueleze.

Unamkumbuka yule binti niliyempigisha magoti mwaka jana kwa kunijibu vibaya? Nilikusimulia, tena nadhani kwa kujisifu. Basi ni yeye huyohuyo, muhula huu, aliyebaki darasani wenzake wakiwa wametoka, akaniuliza: "Mwalimu, mtu anaweza kuwa na shetani anayekuja kila mwezi?" Nilicheka. Kisha nikamtazama, nikaona mwenzangu hatanii. Kwao walishaanza kumfukiza ubani.

Habari za hedhi, za yai na ukuta wa kizazi, wanazijua kwa kukariri, usiku wa manane ukiwaamsha watakutajia. Ila hakuna aliyewaambia kwamba yai likishatoka, katika zile wiki mbili hivi za kungoja damu, homoni hupanda kisha zikaporomoka, na wapo ambao miili yao inalihisi hilo kuliko wenzao. Matiti yanauma, tumbo linajaa, chunusi zinatoka, usingizi unaruka, mtu analia kwa sababu kaulizwa kalamu iko wapi. Damu ikishaanza, siku chache tu anarudi kuwa yeye. Somo wangu mie, nilipovunja ungo, alinifunza kufunga kitambaa, kukificha na kunyamaza. Siku za kabla hakuzigusa. Na hawa wanangu kila kitu wanakiita chango, maumivu ya siku za damu na hasira za wiki iliyotangulia, vyote kapu moja.

Nikagawa karatasi za grafu zilizobaki kwenye hesabu. Siku zimepangwa chini, kila siku unaandika herufi: K ya kichwa, T ya tumbo, H ya hasira, M ya machozi. Siku ya damu ni nukta nyekundu. Tukakubaliana miezi miwili, maana mwezi mmoja unaweza kukudanganya. Mmoja alijaza H kila siku yenye kipindi cha fizikia. Nikamwacha, hiyo si homoni.

Ya yule binti niliisoma naye dirishani. H na M zimejipanga siku sita kabla ya nukta nyekundu, mwezi wa kwanza, na wa pili vilevile, kama siafu. Akapitisha kidole juu yake, akarudia. Hata asante hakusema. Alisema, "Kumbe. Basi Ijumaa ijayo nisikae na dada jikoni." Akaikunja, akaiingiza kwenye msahafu akamwonyeshe bibi yake.

Mizunguko yao nayo haifanani. Wa siku 24 yupo, wa siku 41 yupo, na mama mmoja alinijia mbio akidhani mwanawe kapata mimba. Nikamwambia miaka ya mwanzo ndivyo ilivyo, mwili bado unajifunza.

Tunayofanya ni madogo. Wiki ile wapunguze chipsi za chumvi nyingi na chai nzito ya usiku, walale mapema, wasiache dagaa na mchicha, na wakimbie netiboli hata kama hawajisikii. Dawa ya maumivu wanywe wameshakula. Nikataja na baiskeli, wakaangaliana wakacheka: Tanga yote hii ya baiskeli, nao wameambiwa si ya mwanamwali! Mwalimu mwenzangu mmoja wa kiume kanilaumu kuwa nawafundisha visingizio. Wasichana wenyewe wanajua nilivyowaambia, kwamba ukimtukana mwenzio siku hizo utaomba radhi kama siku nyingine yoyote.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Yupo mmoja ambaye M zake zimeanza tarehe mosi zikaenda mpaka mwisho wa karatasi, kabla ya damu, siku za damu, baada ya damu, hakuna pa kupumua. Hiyo si hedhi, Rukia. Nimekaa naye chini ya mwarobaini mara tatu, mama yake mdogo anajua, na Jumanne tunakwenda naye zahanati. Wewe ndiye muuguzi, mie ni wa chaki tu. Nipigie kabla ya Jumanne uniambie niulize nini, nisije nikatikisa kichwa tu mbele ya daktari.

Na yule wa magoti sijamwomba radhi. Kila siku nasema kesho. Anapita mlangoni ananiamkia "shikamoo mwalimu" kwa sauti nzuri kabisa, nami naitikia marahaba huku natazama daftari.

Uje likizo, kutoka Bagamoyo si mbali kihivyo. Ungo usiusahau.

Wako,
Mwanahamisi